Wasomaji Wanauliza: Kitabu cha Mwaka na Tangazo la Krismasi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Uingereza. Huko maduka makubwa huanza kurusha matangazo yao ya Krismasi mapema Novemba, na watu huyajadili kwa siku kadhaa, wengine kwa machozi. Tumechagua tano.

Kikundi chetu cha kusoma kimekubaliana kwamba kwenye kikao cha Desemba kila mmoja aje na kitabu kimoja alichosoma mwaka huu na tangazo moja la Krismasi analolipenda, avizungumzie vyote viwili kwa dakika tano. Kila nikiandika najikuta nimesimulia hadithi nzima na muda umekwisha. Nianzie wapi?
*Mama wa Watatu, Leicester*

Mama, dakika tano ni maneno 500 hivi ukisoma bila kukimbia. Tenga 300 ya kitabu na 200 ya tangazo. Katika hayo 300, hadithi yenyewe isizidi maneno 50: ni nani, yuko wapi, anataka nini. Mwisho wake usiuguse. Atakayevutiwa atakiazima.

Yale 250 yaliyobaki yatumie kwa ukurasa mmoja tu. Nakili kutoka hapo sentensi moja au mbili neno kwa neno, taja namba ya ukurasa, kisha eleza kilichokushika. Wengi hukwama hapa kwa sababu kitabu walikisoma Machi na hawakuandika chochote, kwa hiyo kilichobaki kichwani ni "kizuri, kinasisimua, kina mafunzo", maneno ambayo yangefaa kitabu chochote rafuni. Kwa mwaka ujao weka daftari dogo kando ya kitanda. Siku unayomaliza kitabu, andika mistari minne kabla ya kulala: tarehe, jina la kitabu na la mwandishi, sentensi uliyonakili, na jambo moja ambalo hukukubaliana na mwandishi. Mstari huo wa nne ndio utakaokupa la kusema mbele ya wenzako. Mambo ya kutoa nyota nne au tano achana nayo, maana baada ya miezi sita hutakumbuka ile moja uliinyima kwa kosa gani. Kwa mwaka huu uliokwisha kupita bila daftari, soma upya kurasa kumi za mwanzo na kumi za mwisho. Mengi yatarudi yenyewe.

Tangazo litazame mara tatu. Mara ya kwanza tazama kama kawaida. Mara ya pili zima sauti: hadithi ikibaki na nguvu, basi picha zimefanya kazi yake, ikipoa, ujue aliyekuliza ni mwimbaji. Mara ya tatu shika saa uandike ni sekunde ya ngapi duka linajitaja.

Chukua tangazo la duka la John Lewis la mwaka 2011, lenye sekunde 90. Mvulana mdogo anaingoja Krismasi kwa shida: anatazama saa, anagongagonga vidole mezani, mkesha wa sikukuu anabugia chakula ili akalale upesi. Asubuhi anaamka, analipita rundo la zawadi zake bila kuligusa, anachukua kifurushi kilichofungwa ovyo ovyo na kwenda nacho chumbani kwa wazazi. Kumbe alikuwa anangoja kutoa. Sasa rudia kulitazama ukijua hilo. Hakuna hata mara moja picha imekudanganya. Wewe mwenyewe ndiye uliyedhani mtoto anawaza zawadi zake. Hilo peke yake linakutosha kwa maneno 200.

Tahadhari moja: tafuta toleo refu. Matangazo haya hukatwa kuwa ya sekunde 60 au 30, na kinachotupwa huwa ni kule kungoja, ambako ndiko uzito wote ulipo.

Binti yangu anapenda sana kitabu cha Krismasi cha paka Mog. Mwenzangu kazini anasema kitabu hicho kilitokana na tangazo la duka. Kipi kilitangulia? Na vitabu vya aina hii vinafaa kununuliwa?
*Baba Zuhura, Manchester*

Aliyetangulia ni paka. Judith Kerr, mwandishi na mchoraji aliyezaliwa Berlin mwaka 1923, alimtoa Mog kwa mara ya kwanza mwaka 1970, na katika kitabu cha mwaka 2002 akamfisha. Mwaka 2015 duka la Sainsbury's likamrudisha paka huyo kwa ajili ya tangazo lake la Krismasi, na Kerr mwenyewe, akiwa na miaka 92, akaandika na kuchora kitabu kipya kuandamana nalo. Faida ya kitabu ilikwenda Save the Children, kwa kazi ya kuwasaidia watoto kujua kusoma. Mama huyo hata anaonekana kidogo ndani ya tangazo, kama mmoja wa majirani.

Kwa hiyo mwenzako ana haki kiasi. Kisa ni cha Mog wa siku zote: anaota ndoto mbaya, anashtuka, kimoja kinaangusha kingine hadi jikoni kunashika moto, na katika hekaheka hizo simu inajipiga kwa zimamoto. Chakula cha sikukuu kimeungua chote, majirani wanaleta vyao. Kitabu kinasimama kwa miguu yake kwa sababu ameandika yule yule aliyemjua paka huyo kwa miaka 45.

Vingine vingi havina bahati hiyo. Hadithi iliyotengenezwa ili iishe kwa dakika mbili, tena bila maneno, ukiitandaza kwenye kurasa thelathini inakuwa nyepesi mno. Ukiwa dukani fanya jaribio hili: fungua kurasa mbili za katikati, funika picha kwa kiganja, soma maandishi kwa sauti. Kama yanakuambia tu kile ambacho picha ingekuonyesha ("dubu akatembea kwenye theluji"), rudisha rafuni. Tazama pia jalada. Jina la duka likiwepo na la mwandishi likikosekana, hiyo ni kumbukumbu ya tangazo, na binti yako ataichoka kabla ya mwaka mpya. Pia angalia kama picha zimechorwa kwa ajili ya kitabu au zimekatwa tu kutoka kwenye filamu. Zilizokatwa huwa na giza pembeni, na nyuso hazikutazami.

Mbona nyimbo za matangazo haya zote ni za zamani, na zinaimbwa polepole kama mtu ana mafua?
*Msomaji, Slough*

Kwa sababu wahusika karibu hawasemi, wimbo ndio msimulizi. Wimbo ambao wazazi waliupenda ujanani unawagusa kabla hawajajua ni kwa nini. Ukipunguzwa kasi na kuachiwa kinanda kitupu, maneno yake yanasikika na kuonekana mapya. Mwaka 2013 Lily Allen aliuimba hivyo wimbo wa bendi ya Keane katika tangazo la John Lewis la dubu na sungura, ukafika namba moja Uingereza. Baada ya hapo kila duka likataka wake. Kwa maoni yetu mtindo huo umechosha. Tangazo la kuchekesha kama lile la karoti Kevin wa duka la Aldi, aliyeanza mwaka 2016, huwa pumziko.

Ni kweli serikali ya Uingereza ilipiga marufuku tangazo la Krismasi lenye orangutangu?
*Msomaji, Muscat*

Si serikali, na halikupigwa marufuku hasa. Mwaka 2018 duka la Iceland lilitaka kurusha filamu fupi ya katuni iliyotengenezwa na Greenpeace, ya orangutangu aliyepoteza msitu kwa sababu ya mashamba ya michikichi ya mawese. Matangazo ya televisheni Uingereza hukaguliwa kwanza na kampuni ya Clearcast, na hao hawakulipitisha. Sababu ni sheria ya mawasiliano ya mwaka 2003, inayozuia matangazo ya kisiasa kwenye televisheni na redio; filamu ilikuwa ya shirika la uanaharakati, na hapo ndipo iliponasa. Mtandaoni sheria hiyo haikuigusa, na huko ikatazamwa mara mamilioni. Lingepita kimyakimya kwenye televisheni, huenda wewe huko Muscat usingelisikia.

Nina klabu ya kusoma ya darasa la sita, watoto 32, na simu moja. Nataka kutumia tangazo la aina hii kuwafundisha kuandika hadithi fupi. Inawezekana?
*Mwalimu, Kilifi*

Inawezekana, Mwalimu. Chagua lisilo na maneno, ili Kiingereza kisiwe kikwazo. Lile la mvulana anayengoja linafaa kuliko yote, hata kwa watoto wasiosherehekea Krismasi, maana kila mmoja wao anajua kuingoja Idi au siku ya kufunga shule. Epuka yenye Baba Krismasi na kulungu. Utatumia kipindi kizima kueleza bomba la moshi ni nini.

Lipakue nyumbani mapema. Tangazo la dakika mbili kwa ubora wa 480p hula MB 10 hadi 20 za bando. Ukiliacha 1080p linaweza kula mara tatu yake, na watoto kwenye skrini ya simu hawataona tofauti. Watazame wanane wanane. Wakizidi hapo, wa nyuma husikia muziki tu na kuanza kelele. Wengine wakiwa wanangoja zamu, wape ukurasa wa kusoma.

Simamisha picha mvulana anapoamka asubuhi. Kila mtoto aandike mwisho wake kwa sentensi tano, dakika kumi, bila kunong'onezana. Kundi la kwanza likishaandika lisichanganyike na la pili, la sivyo utapata mwisho mmoja mara 32. Onyesha sekunde za mwisho kwa makundi yote baada ya kukusanya karatasi.

Kipindi cha pili kiwe cha vitabu. Kila kundi lichague kitabu kimoja cha maktaba ya darasa na kukitengenezea tangazo la sekunde 30: karatasi moja, vyumba sita, kila chumba sekunde tano. Yatakayosemwa yasizidi maneno 50. Utaona karibu wote wanaandika jina la kitabu na "kisomeni!" kwenye chumba cha kwanza, kisha vyumba vitano vinabaki bila kazi. Wape sharti kabla hawajashika penseli: jina la kitabu haliruhusiwi kabla ya chumba cha sita, na katika vyumba vitano vya mwanzo lazima awepo mtu mmoja anayetaka kitu na hajakipata.