Makaa ya mawe: maswali yenu kuhusu maji, moshi na majivu

Kijito kilicho chini ya mgodi uliofungwa kimegeuka rangi ya chungwa. Ni kutu?

Ni jamaa ya kutu, na imekuja pamoja na asidi. Miamba inayozunguka makaa huwa na pairiti, yaani chuma na salfa. Ikifukiwa bila hewa haina neno. Mgodi ukiifunua, hewa na maji huigeuza kuwa asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Pima pH, yaani kipimo cha asidi: kadiri inavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi. Ikishuka chini ya 5, samaki wengi hawaishi. Usidanganywe na maji maangavu: pH ikiwa chini ya 3 hivi, chuma hubaki kimeyeyuka na rangi haionekani, kumbe hapo ndipo pakali zaidi.

Tukitupa mawe ya chokaa kijitoni, yatatosha?

Kwa muda tu. Chuma huyavika ganda, asidi isiyafikie tena. Maji yakikingwa kabla hayajakutana na hewa, yapitishwe kwenye mfereji wa mawe ya chokaa uliofukiwa na kuzibwa, kisha yatoke kwenye bwawa la wazi ili chuma kitulie. Yakishapata hewa, mfereji huo utaziba. Hapo tieni chokaa ya unga kwa kipimo, na tope lizolewe mara kwa mara.

Mtambo wa umeme umefungiwa vichujio. Moshi ni salama?

Umepungua madhara, haujawa salama. Vichujio vizuri hunasa zaidi ya asilimia 99 ya majivu kwa uzito, lakini chembe zinazoponyoka ni zile ndogo kabisa, zinazofika ndani ya mapafu. Kaboni dioksidi hupita yote, karibu kilo 1 kwa kila uniti ya umeme.

Majivu yaliyonaswa huenda wapi?

Laiti kila mtu angeuliza hivi! Mengine huchanganywa kwenye saruji, na hayo ni matumizi mema. Mengine hurundikwa kwenye mabwawa yakiwa na sumu kama arseniki, seleniamu na zebaki. Kule Kingston, Tennessee, Marekani, Desemba 2008, ukingo wa bwawa la majivu ulibomoka na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope zikamwagika. Daini majivu yahifadhiwe makavu, juu ya udongo wa mfinyanzi na plastiki nzito, na visima vya kupimia viwekwe pande zote mbili: maji yanakotoka na yanakoelekea. Upande wa kwanza ukikosekana, hamtaweza kuthibitisha sumu imetoka wapi.

Nikichemsha maji ya kisima kilicho karibu na bwawa hilo?

Usitegemee hilo. Vijidudu hufa, arseniki hubaki, tena hukolea maji yakipungua kwa mvuke. Peleka sampuli maabara. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa arseniki ni maikrogramu 10 kwa lita.