Xfce kwenye PinePhone ya GB 3

Ndugu, umeuliza kama Xfce (mazingira ya eneokazi ya Linux, yaani madirisha na menyu kama za kompyuta) itaenda kwenye PinePhone, simu ya Linux, yenye RAM ya GB 3. Itaenda vizuri tu. Shida ni kidole. Xfce ilitengenezwa kwa ajili ya mausi, na kwenye kioo cha karibu inchi 6 kile kitufe cha kufunga dirisha utakisaka mpaka uchoke. Ukiichomeka simu kwenye skrini kubwa kwa USB-C, pamoja na kibodi na mausi, hapo utaifurahia.

Kwa matumizi ya mkononi mimi ningeweka postmarketOS (mfumo wa Linux wa simu) yenye Sxmo, kiolesura chepesi cha simu. Ni nyepesi kuliko Phosh, kiolesura kingine cha simu za Linux, na menyu zake unaziendesha kwa vitufe vya sauti na cha kuwashia (mwanzoni vinakera kidogo). Anayekula RAM hasa ni kivinjari.

Jaribu kwanza kwenye microSD: simu huanza kusoma kadi kabla ya hifadhi ya ndani, kwa hiyo mfumo ulionao hauguswi.