Nilivyoacha kutafuta ribiti ngumu

Mlango wa nyuma wa gari la mikate uliletwa karakana ukiwa umefungwa kwa kamba ya manila. Mwenye gari alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili, na wote walimwambia neno moja: ribiti zako laini, tafuta ngumu. (Ribiti ni pini fupi ya kushikanisha mabamba, ikishapita tunduni kichwa chake cha pili kinafinyangwa pale pale.) Akaja na pakiti yake mkononi, ribiti za stenlesi, chuma kisichoshika kutu, zinang'aa, anataka apigiwe aondoke, mikate inasubiri. Nikamwambia, "Bosi, nipe dakika kumi nizione kwanza hizo zilizokatika."

Hakukuwa na iliyokatika hata moja. Bawaba ya juu ilishikwa na ribiti nne za alumini, za milimita 4.8. Mbili zilikuwa zimechomoka nzima nzima, na matundu yake kwenye bamba yamerefuka kama punje ya maharage. Ya tatu ilizunguka nilipoigusa kwa kucha. Ya nne ilionekana imara, ila kichwa chake kilikuwa kimezungukwa na doa jeusi, kama mtu kazimia sigara pale. Doa hilo ulijue. Ribiti ikianza kusuguana na bamba, alumini hutoa unga mweusi na unga huo ndio unaopaka. Kwenye chuma utaona rangi ya kutu. Ukiliona, ujue ribiti inacheza hata kama ukiitikisa kwa mkono husikii kitu.

Nikapima tundu la ile ya nne, ambalo halikuwa limeharibika: 5.5. Ribiti ya 4.8 inataka biti ya drili ya 4.9, ikikosekana hiyo basi 5. Ribiti ya kuvuta kwa koleo, yaani bomba lenye msumari ndani ambao koleo huuvuta, hutanuka ikajaza tundu, lakini kutanuka kwake kuna mpaka. Ukiipa nafasi ya zaidi ya nusu milimita, inabaki imening'inia kwa vichwa vyake viwili, mwili haujashika ukuta wa tundu. Kila rasta ya barabarani inaisogeza kidogo, nayo inalila bamba kidogo. Sasa hizo stenlesi zake, kwenye matundu yale yale, zingemsaidia nini? Zingelila bamba haraka zaidi.

Nasema kwa ujasiri kwa sababu ugonjwa wa kutafuta ugumu niliuugua mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili karakana nilipewa kishikio cha tairi la akiba la trela kilichokuwa kinakata ribiti kila baada ya safari mbili tatu. Nikaona nimepata dawa. Nikachukua boliti za milimita 8 zilizoandikwa 10.9 kichwani, nikakata vichwa, nikabaki na vipande vya chuma kigumu, hivyo ndivyo vitakuwa ribiti zangu. Nikapiga nyundo baridi. Ncha haikutaka kutanuka, na ilipokubali ikachanika kama mswaki wa mti. Nikawasha gesi, nikakipasha kipande hadi kikawa chekundu, nikapiga, kikalala vizuri kama udongo. Nilifurahi sana. Mwezi haujaisha, tairi likaachwa njiani.

Mzee aliyekuwa ananifundisha alikiokota kipande kilichobaki, akakigeuza geuza. "Ile 10.9 iko wapi?"

"Ilikuwa kichwani, mzee. Nilikata."

"Namba umeikata kwa msumeno," akasema, "na nguvu umeichoma kwa gesi."

Boliti ya namba hiyo hupata nguvu yake kiwandani kwa kupashwa moto, kuzimishwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kipimo. Ukiirudisha kwenye wekundu na kuiacha ipoe yenyewe, umeifuta kazi yote. Namba 10 maana yake chuma kinahimili kama nyutoni 1,000 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. 9 maana yake kinaanza kunyooka bila kurudi kikifika asilimia 90 ya hapo. Mimi nilikuwa na chuma kisicho na namba yoyote tena.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ribiti si boliti. Ribiti lazima iwe laini siku unayoiweka, kwa sababu kichwa chake cha pili unakitengeneza wewe, pale pale. Chuma kisichokubali kufinyangwa hakiwezi kuwa ribiti. Kwa hiyo anayebuni ribiti ya nguvu kubwa anacheza na vitu viwili vinavyopingana, na watu wenye akili wamepita njia tofauti kuvipatanisha. Kwenye ndege kuna ribiti za alumini ya aina iitwayo 2024 ambazo hupikwa tanurini, huzimishwa majini, kisha huwekwa kwenye friza. Baridi inazichelewesha. Fundi akizitoa ana dakika chache za kuzipiga zikiwa bado laini. Baada ya hapo zinakuwa ngumu zenyewe ndani ya bamba, na siku chache baadaye zimefikia nguvu yake kamili. Kwenye chasisi za malori na mabehewa wametenganisha kazi: pini ngumu yenye mifuo, na pete laini. Mashine inavuta pini na kuifinya pete iingie kwenye mifuo, kisha mkia wa pini unakatika. Kigumu kinabeba mzigo na laini ndiyo inayofinyangwa. Nikiletewa kazi nzito nisiyoweza kupiga ribiti ya moto, hiyo ndiyo naitaka kwanza.

Swali la maana lakini ni lingine: kitu gani kitaachia kwanza? Kila kiungo cha ribiti kina mahali pake dhaifu, upende usipende. Kazi yako ni kupachagua.

Chukua kalamu. Mabamba mawili ya chuma cha kawaida, unene milimita 3, yanavutwa kila moja upande wake, katikati kuna ribiti moja ya chuma hicho hicho, isiyo na tundu ndani, kipenyo milimita 8. Mabamba yanajaribu kuikata kama mkasi. Eneo linalokatwa ni milimita za mraba 50 na kidogo. Chuma cha kawaida kinahimili kuvutwa nyutoni 400 kwa milimita ya mraba, na kukatwa kwa mkasi kinahimili karibu asilimia 60 ya hiyo, yaani 240. Zidisha: nyutoni 12,000 na ushee, au kilo 1,230 hivi.

Sasa tazama bamba. Umetoboa tundu, katikati yake iko milimita 8 kutoka ukingoni. Chuma kilichobaki kati ya tundu na ukingo ni milimita 4 tu. Ribiti ikivuta, itachana njia mbili kuelekea nje, kila moja milimita 4 kwa 3. Milimita za mraba 24, mara 240: nyutoni 5,760. Bamba litachanika kabla ribiti haijafika hata nusu ya nguvu yake! Sogeza tundu ndani, katikati iwe milimita 16 kutoka ukingoni. Chuma kilichobaki ni 12, na hesabu inakuwa 17,280. Sasa ribiti ndiyo itakayoachia kwanza. Hujaongeza hata shilingi, umesogeza alama ya kutobolea. Ndiyo maana mafundi wa zamani wanasema mara mbili ya kipenyo kutoka ukingoni, na mara tatu au zaidi kati ya ribiti na ribiti.

Endelea kidogo tu. Kwenye kiungo hicho hicho weka ribiti yenye nguvu maradufu. Inahimili 24,000, lakini bamba bado lina 17,280. Umelipia maradufu ukapata nyongeza isiyofika nusu, na zaidi ya hapo umehamisha ajali. Zamani ungebadilisha ribiti moja, sasa utabadilisha bamba zima. Kwa hiyo kwenye bawaba na vishikio mimi huacha ribiti iwe dhaifu kuliko bamba. Pale ambapo mtu anaweza kuumia kitu kikiachia ghafla, napenda zaidi tundu lianze kurefuka taratibu, kwa sababu tundu linaonekana na mtu anapata muda wa kulishughulikia. Hesabu hizo zote ni za mzigo uliotulia. Kwa barabara zetu nagawa kwa nne, na kwa trela la kokoto nagawa kwa zaidi.

Kuna mambo mawili yanayowapiga chenga hata waliosoma. La kwanza ni kupanga ribiti nyingi kwenye mstari mmoja mrefu unaofuata mwelekeo wa mzigo, ukidhani kumi zinagawana sawasawa. Hazigawani. Za mwanzo na za mwisho zinabeba zaidi, za katikati zinasindikiza, kwa hiyo badala ya mstari mrefu panua safu. La pili ni kuitundika ribiti ivutwe kichwa. Ribiti inapenda kukatwa kama mkasi, haipendi kung'olewa. Ukiona mpango wako unaing'oa, geuza kipande, ongeza pembe, fanya chochote.

Mlango wa mikate ulikuwa na kosa hili pia. Una kilo 40 hivi, upana mita 1.1, na bawaba ziko mita 1.5 moja juu ya nyingine. Uzito wake unaning'inia nusu ya upana kutoka bawabani, kwa hiyo bawaba ya juu inavutwa nje kwa kilo 40 mara 0.55 gawa kwa 1.5, karibu kilo 15. Kidogo, utasema. Ndiyo, gari likiwa limeegeshwa. Likiruka matuta kuanzia alfajiri hadi jioni, kilo hizo zinakuwa nyundo.

Wanaonibishia kwamba ribiti ni teknolojia ya kizamani huwa nawaambia waende Kigoma. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa kwanza kwa boliti kuhakikisha kila tundu linakutana na mwenzake, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makreti yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, ikapanda treni. Kigoma ndiko ilikopigwa ribiti, ikashushwa ziwani Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Imelala majini miaka kadhaa na ribiti zake! Ribiti za meli hupigwa zikiwa nyekundu. Zikipoa zinafupika, na kufupika huko kunabana mabamba kwa nguvu kiasi kwamba sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na msuguano kati ya mabamba yenyewe. Ribiti ya kuvuta kwa koleo haina mkumbatio huo, ndiyo sababu nasumbua watu kuhusu biti ya drili.

Na kabla sijasahau, stenlesi za bosi. Boksi la gari lake ni la alumini na anasambaza mikate pwani, upepo wa chumvi kila siku. Stenlesi na alumini vikilowa pamoja, alumini ndiyo inaliwa, na unaona unga mweupe kuzunguka kichwa. Kibaya zaidi ni kinyume chake, ribiti ndogo ya alumini kwenye bamba kubwa la stenlesi. Hiyo haina siku nyingi. Ukilazimika kuchanganya, paka rangi pande zote mbili na uizamishe ribiti kwenye silikoni kabla ya kuipiga, maji yasipate njia.

Kazi yenyewe niliifanya hivi. Matundu ya zamani sikuyatumia, nikasogeza bawaba kiganja kimoja chini kwenye bamba zima. Ndani nikaweka bamba la alumini la milimita 3 la kuegemea, ili kichwa cha nyuma kisishike ngozi ya boksi, yaani bamba lake jembamba la milimita 1.5, peke yake. Bawaba ya chuma nikaipaka rangi. Nikatumia ribiti za 6.4 za aina ambayo msumari wa ndani unafungwa na kubaki humo, usitoke wala kulegea kama zile za kawaida, ambazo baada ya msumari kudondoka unabaki na bomba tupu. Kabla ya kununua nilijumlisha unene: bawaba 4, ngozi 1.5, bamba 3, jumla 8.5, nikatafuta pakiti ya ribiti ambayo kipimo hicho kinaangukia katikati ya namba zilizoandikwa pembeni. Namba hizo watu hawazisomi. Ribiti fupi hutengeneza kichwa kembamba, ndefu haibani.

Halafu kitu kilichomshangaza bosi kuliko vyote: kipande cha raba ngumu chini ya fremu, mlango ukifungwa unakikalia. Bawaba zinapumzika gari likitembea. Akaniuliza kama raba ya elfu mbili ndiyo niliyomweka nusu siku kwa ajili yake.

Bei hakuipenda, na pakiti yake ya stenlesi aliondoka nayo. Lakini kila akipita kuleta gari la mwenzake au kuomba upepo wa tairi, nazunguka nyuma, napitisha kidole kwenye vichwa vya ribiti za bawaba ya juu, natazama kidole. Juzi dereva wake aliniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha kidole. Kilikuwa na unga wa ngano tu.