Mgomba nje kwenye baridi ya Uingereza

Dada, umeuliza kama mgomba utakaa nje bustanini hapo Birmingham mwaka mzima. Unakaa, ila sio hii migomba yetu ya matoke au ya kisukari, tafuta aina inaitwa Musa basjoo, watu wanauita mgomba wa Japani ingawa asili yake ni China kusini. Mizizi yake inavumilia baridi kali kabisa, wa kwangu una miaka sita sasa hauna tatizo.

Kazi iko November. Ile barafu ya kwanza ikishachoma majani, yakate, acha shina, zungushia wavu halafu shindilia majani makavu ya ngano hadi juu, na chini kwenye shina mwaga mboji nene. Juu kabisa weka kifuniko mvua isiingie, maana kinachoua sana migomba huku ni maji yanayoingia katikati ya shina unaoza, sio baridi peke yake. Nailoni usizungushie kabisa, inashika unyevu. Hata shina likifa usiung'oe jamani, subiri, vichipukizi vinatoka chini mwezi wa tano huko.

Ndizi za kula usitegemee, zake ni ndogo zimejaa mbegu. Ukitaka mgomba wa kula chukua Dwarf Cavendish upande kwenye ndoo kubwa, joto likishuka chini ya 10°C ingiza ndani karibu na dirisha lenye mwanga, maji kidogo tu mpaka jua lirudi.