Barua kwa mwanangu: kuhusu mteremko

Bukavu, Jumapili jioni

Mama yangu,

Ujumbe wako umenifikia, na picha ya baiskeli nimeiona. Nyembamba mno, kama mbuzi aliyenyimwa majani, lakini kaka yako ananiambia ndivyo zilivyo siku hizi. Unaniuliza jambo moja tu. Wewe na wenzako wawili wa kazini hapo Kigali mnataka kupita kwa baiskeli ile njia ya ukingo wa Kivu upande wa Rwanda, wanayoiita Congo Nile Trail, kilomita 227, siku tano. Muanzie Rubavu mshuke kusini, au muanzie Rusizi mpande kaskazini?

Kwanza kabisa, kusini si chini. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya ubao nikiwaambia watoto wa watu hivyo, na mtoto niliyemzaa mwenyewe bado anasoma ramani kana kwamba maji ya ziwa yatamwagikia Rusizi kwa sababu tu ramani imetundikwa ukutani. Haya, najua utanijibu nini: yanamwagikia huko kweli. Lakini si kwa ajili ya ramani. Zamani sana Kivu ilikuwa ikitoa maji yake kaskazini, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia. Maji yakajaa, yakapanda, yakatafuta mlango kwingine, na mlango ukawa huku kwetu. Ndio mto Ruzizi huo unaouvuka kila ukija kunisalimu.

Uliza maji kwanza. Nimelisema neno hili mpaka baba yenu akawa ananiita Mama Maji mbele ya wageni, na bado nalisema.

Sasa maji ya njia yenu yanasemaje? Uso wa ziwa uko kwenye mita 1,460 hivi pale Rubavu, na ni mita hizo hizo pale Rusizi. Ziwa halina upande wa juu. Kwa hiyo unachokipanda ukitoka huku utakishuka ukitoka kule, na deni ni lile lile, tofauti labda ile Kamembe, mji wa Rusizi, iliyokaa kilimani, itakayokutoa jasho la mwisho. Mtu akiangalia njia ya kandokando ya ziwa anadhani ni tambarare. Si tambarare hata kidogo. Huko juu, mashariki yenu, kuna ule mgongo wa Kongo na Nili: tone likianguka upande mmoja linakwenda Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria, mpaka Misri, likianguka upande wa pili linaingia Kivu, Ruzizi, Tanganyika, halafu kwa Lukuga mpaka Lualaba na bahari ya magharibi. Kila kijito cha upande huu wa pili kinateremka kuja ziwani na kuchimba bonde lake, na nyinyi mtayakata mabonde yote hayo kwa ubavu. Mnashuka mpaka darajani, mnapanda mgongo, mnashuka tena. Ukifika Karongi utanikumbuka.

Msiende wakati wa mvua. Mei 2023 mto Sebeya uliingia majumbani mwa watu Rubavu, na siku hizo hizo ng'ambo ya ziwa, huku kwetu Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilizolewa na watu wake. Sihitaji kukukumbusha tulimzika nani. Nendeni kati ya Juni na Agosti, ardhi ikiwa kavu. Udongo ule mwekundu ukilowa unajaa kati ya tairi na uma, mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo baiskeli inakubeba au unaibeba? Unaibeba.

Najua haya yote yalianza Septemba 2025, uliposimama kando ya barabara Kigali kuwaangalia wale wa mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kufanyika Afrika. Nami niliangalia kwenye televisheni ya jirani. Yule Pogačar alipomaliza zile kilomita zaidi ya 260 akiwa wa kwanza, kila mtu chumbani alisifu alivyopanda. Mimi nilikuwa naangalia walivyokuwa wakishuka, vidole viwili juu ya breki, magoti yamebana. Nikanyamaza. Kaka yako akaniuliza nimekasirika nini.

Ngoja nikuandikie, maana hadithi ya mteremko wa Ngomo mmeisikia kwa baba yenu tu, na kwa baba yenu inachekesha.

Ilikuwa Agosti 1988, shule zimefungwa. Tulikaa Nyangezi bado. Mimi nilikuwa nimejifunza kuendesha kinga, yaani baiskeli, miezi miwili tu, jioni, kwenye kiwanja cha mpira cha shule, nimevaa suruali ya baba yenu chini ya kitenge, watoto wangu wa darasa la tano wakiniimbia nyuma. Baba yenu alikuwa akipeleka sabuni na chumvi Kamanyola na kurudi na mchele wa bondeni. Nikamwambia mara hii twende wote. Akacheka, halafu akaniazimia baiskeli ya katekista.

Unajua mto unavyofanya huko. Ruzizi unaanguka karibu mita 700 kati ya Kivu na Tanganyika, na sehemu kubwa ya hizo unaimaliza kwenye makorongo kabla ya Kamanyola. Ndiyo maana mabwawa ya umeme yako huku juu. Ukishapita Kamanyola unatulia, unajikunja kwenye tambarare mpaka Uvira kama mzee aliyekwisha kula. Barabara yetu haikuthubutu kufuata korongo. Ikazunguka milimani kwa Nyangezi, halafu ikabidi iteremke yote kwa pigo moja pale Ngomo. Deni lile lile.

Tulifika juu kabla jua halijawa kali. Lori mbili zilikuwa zimesimama, vijana wa gari wameshika magogo ya kuwekea magurudumu. Kushoto ukuta wa udongo. Kulia hakuna kitu; unaona hewa, halafu mbali sana chini unaona bonde limelala njano. Baba yenu akashuka kwenye baiskeli yake, akaja kwangu. Akachuchumaa, akabonyeza breki zangu, ya mbele, ya nyuma. Akaniangalia usoni. Akasema, “Shuka, mama. Utembee.”

Nikashuka.

Walikuwepo wanawake wanakwenda sokoni na mizigo kichwani, mmoja akasema kwa Mashi kwamba na wao wanatembea, tena bila kulipia kinga, wakacheka wote mpaka vikapu vikatikisika. Baba yenu alikuwa ameshaondoka, sabuni nyuma yake, vumbi linamfuata. Mimi nikasukuma. Watu wanadhani kusukuma baiskeli mteremkoni ni kazi ndogo. Inakuvuta kama ng'ombe aliyenusa maji; mpaka nafika chini mikono ilikuwa inatetemeka hata kikombe siwezi kushika. Yeye nilimkuta chini ya mwembe, maembe matatu yamemenywa yananingojea. Akaniambia, “Ungeweza tu. Ila bora hivi.”

Ungeweza tu! Kama ningeweza, mbona?

Mchana akalala. Nikaenda kuiangalia baiskeli yake. Raba ya breki ya nyuma ilikuwa imekwisha, kibao cha chuma kilikuwa kimekwangua rimu mpaka inang'aa. Kiatu chake cha kulia, vile vya tairi, kilikuwa na tundu la kupitisha kidole: alikuwa amefunga breki kwa mguu. Halafu nikaiangalia ile ya katekista. Raba zake zote nne zilikuwa mpya. Mpya, na zile alama za kiwandani bado zinasomeka. Yeye ndiye aliyekuwa amezikagua.

Kwa hiyo hakuziogopa breki. Aliniogopa mimi.

Au aliniogopea, utasema, na si kitu kimoja. Nimelizungusha hilo miaka yote hii. Miezi miwili kwenye kiwanja cha mpira si kitu. Ningeweza kubana ya mbele peke yake nikapinduka, kama ulivyopinduka wewe Kadutu siku ya ubatizo wa mdogo wako. Tena barabara haikuwa na ukingo. Pengine kama ningeendelea usingezaliwa ukaniuliza maswali. Nalikubali hilo Jumatatu, nikifika Alhamisi nimelikataa. Angesema “raba zako ni nzima, lakini mimi naogopa,” ningeshuka bila neno. Hakusema. Na mimi sikumwonyesha kwamba nimeiona ile rimu, mpaka tukamzika.

Basi usiniulize upande wa kuanzia, niulize namna ya kushuka. Usishike breki moja kwa moja kutoka juu mpaka chini; bana, achia, bana, achia, rimu ipate kupumua, maana ikipata moto mpira wa ndani unaweza kupasuka. Ya mbele ndiyo inayokusimamisha, ya nyuma inakutuliza. Ibane ya nyuma peke yake kwenye changarawe na mkia utakupita. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Chukua raba za akiba, hata kama mwenye duka anakuambia hazihitajiki. Na kila mmoja wenu akague breki zake mwenyewe. Mwenzako akikuambia shuka, mwulize ameona nini.

Nikuambie shuka au usishuke? Hilo siliamui. Ulimi unaniwasha, lakini siliamui.

Kuhusu Rubavu au Rusizi pia siamui. Ila ujue kitu kimoja: huko mnaendesha mkono wa kulia. Ukitoka Rubavu kuja kusini, ziwa liko kuliani kwako, kwa hiyo kwenye vipande vya lami utakuwa upande wa nje, kwenye hewa. Ukitoka Rusizi utakuwa upande wa mlima, na magari ndiyo yatakayokuwa kwenye hewa. Kwa hesabu hiyo mngeanzia Rusizi.

Lakini mkimalizia Rusizi, mimi niko hapa ng'ambo ya daraja. Hali ya huku unaijua, siiandiki. Mpaka ukiwa wazi mtavuka, ukifungwa nitatafuta njia ya kukuletea. Niambie siku moja kabla, maana sambaza, hawa dagaa wetu wa Kivu, za jana sizikaangii mgeni.

Mama yako