Nguo za watoto kwa safari ya Murchison na Bunyonyi

Dada, umeuliza upakieje nguo za watoto wawili kwenye gari la kulala, kwa safari ya Uganda: hifadhi ya Murchison kisha Ziwa Bunyonyi. Masanduku acha nyumbani, hayana pa kukaa. Kila mtoto begi moja laini, na nguo za siku moja (tisheti, kaptula, chupi) zikunjwe pamoja kwenye mfuko wake. Asubuhi anachomoa mmoja, basi.

Murchison kuna joto, ila mbung'o wapo na wanafuata buluu na nyeusi. Beba kaki ya mikono mirefu, isiwe nyepesi sana maana wanauma kupitia kitambaa. Lakini mabaka ya kijeshi hapana, hata ukiyaona mazuri soko la Owino, Kampala: raia Uganda haruhusiwi kuyavaa. Bunyonyi ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, sweta na soksi nzito za usiku.

Kufua ndiko kwenye kazi. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, halafu funza wanaingia ngozini. Nyumbani pasi ya moto inawamaliza, garini huna. Kwa hiyo anika ndani, madirisha yenye wavu, hasa chupi na nepi.