Mfumo wa malori ya mgodi: wiki nzima ni mbali mno

Ndugu, umeuliza kama kukagua mfumo wa kuongoza malori mara moja kwa wiki kunatosha. Hapana. Kila siku, kabla ya kubadilishana zamu, tazama nafasi iliyobaki kwenye diski ya seva (kompyuta kuu ya mfumo) na malori yaliyokaa kimya, yaani yasiyotuma taarifa. Lori likinyamaza usikimbilie kulaumu programu. Huenda antena imelegea kwa mtikisiko, au shimo limeshuka na mnara wa mtandao umebaki mbali. Hakikisha saa za malori na seva zinalingana, la sivyo hesabu ya safari itavurugika.

Nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya data za mfumo, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Usiridhike kusoma "imekamilika". Kila mwezi irejeshe kwenye mashine ya majaribio, uone inafunguka. Mimi niliikuta tupu siku tuliyoihitaji.